Dada Ndani ya Kopo la Biskuti

Kabla ya alfajiri, kifuniko cha kopo la biskuti kililia. Haukuwa mlio mkubwa. Ni kri moja tu, bati likiachana na bati, kisha kimya kikarudi mahali pake kama paka aliyefukuzwa kitini.

Merle Kinnane alisimama jikoni na gauni lake la kulalia, akasikiliza. Nje, nyuma ya kilima cha nyasi, bahari ilikuwa ikivuta pumzi na kuishusha. Akatia mkono ndani ya kopo, akatoa kitambaa cheusi, akakikunjua taratibu, kama mtu anayemvua mtoto mchanga shali lake.

Ndani yake alikuwamo dada wa gizani.

Kipande cha seli ya jua, chembamba kuliko kaki, buluu iliyoiva hadi ikakaribia weusi, chenye mistari ya fedha kama mvi zake mwenyewe. Merle akamsimamisha dirishani upande wa mashariki, kando ya chungu cha jeraniamu.

"Haya, mwanangu," akamnong'oneza. "Nyoosha miguu. Linakuja."

Na jua likaja. Likapanda kutoka baharini, likapita juu ya mapaa ya mtaa wa Malabar, juu ya kamba za nguo na mapipa ya taka, likaingia jikoni bila hodi. Likaligusa ua, likamgusa dada, likamgusa kikongwe, kila mmoja kwa kipimo kilekile.

Jua halina upendeleo. Moyo ndio wenye upendeleo.

*

Aliyemweka dada gizani ni Tamsin, mjukuu. Na aliyemlea Tamsin ni Merle.

Mama yake mtoto alikuwa mpishi wa wachimba chuma kule magharibi. Huenda kwa ndege, hurudi kwa ndege, na kila akirudi humkuta mtoto nguo hazimtoshi tena. Kwa hiyo mtoto alikuwa wa Bibi. Wa Bibi kwa uji, wa Bibi kwa viatu vya shule, wa Bibi kwa homa. Alasiri kifuniko cha kopo kilipolia kri, miguu midogo ilikuja mbio kutoka popote ilipokuwa: kutoka mchangani, kutoka juu ya ukuta wa jirani, kutoka usingizini.

Alikuwa na ngozi nyonge, yule mtoto. Kila baridi ilipoingia mikono ilimpasuka. Basi kila Jumapili Bibi alichota mafuta ya sufu ya kondoo, akayapasha viganjani, akamsugua kidole kimoja baada ya kingine, huku akivumisha wimbo usio na maneno. Hata Tamsin alipokuwa msichana wa chuo. Hata alipokuwa daktari wa fizikia, na ufunguo wa maabara shingoni.

Kisha Jumapili moja Tamsin akavuta mikono yake.

"Siwezi tena, Bibi. Kesho naingia chumba safi."

"Chumba safi? Kwani hapa pachafu?"

"Mafuta hayaruhusiwi mle. Wala poda, wala manukato. Alama ya kidole tu inaweza kuharibu kazi ya mwezi mzima. Profesa Vlahos hata pete ya ndoa ameivua."

"Na mumewe amesemaje?"

"Alishakufa, Bibi."

"Basi ana bahati, hakuulizwa."

Wakacheka wote wawili. Lakini mlango ulipofungwa, Merle alibaki na viganja vilivyojaa mafuta yasiyo na mwenyewe. Akayapaka mguu wa meza.

Hapo ndipo kijiba cha roho kilipoota.

*

Ewe silikoni, mwili wa seli za jua! Ewe mchanga uliyeyeyushwa, ukasafishwa, ukasafishwa tena mpaka ukausahau ufuo wako! U nani wewe, hata mtoto wa watu akutazame namna ile? Si shaba, inayoupitisha umeme bila kumuuliza mtu. Si kioo, kinachoufungia mlango. Umekaa katikati, unangoja mwanga ukuguse ndipo uamue. Hujaumwa surua. Hujang'oka jino. Hujaita "Bibi" gizani kwa kuogopa radi.

Na zaidi ya silikoni kulikuwa na mwanamke.

Jina la Despina Vlahos lilijaa katika maneno ya Tamsin kama mawe katika mchele. Huwezi kutafuna bila kulikuta. Despina anasema hivi. Despina ametuletea pai ya mchicha na jibini. Despina amenipa koti lake la zamani.

Merle akalitazama lile koti lilipotundikwa nyuma ya mlango. Mfuko wake ulikuwa umepasuka, ukashonwa upya kwa uzi wa rangi ileile, mishono midogo sana, ya mtu mwenye miwani mizito na subira. Mtu hashoni hivyo kwa wajibu. Hushona hivyo kwa kupenda.

Na hilo ndilo lililomchoma. Mtu mbaya ungemchukia ukapumzika. Lakini mtu mwema aliyekaa mahali pako, utamfanya nini?

Jua halina upendeleo. Moyo ndio wenye upendeleo, na moyo wa Merle ulikuwa umemchagua mmoja tu.

*

Kiangazi kilipoanza, Tamsin alileta fremu ya chuma akaisimamisha uwanjani kwa Bibi, ikitazama kaskazini, maana huko ndiko jua letu linakopita siku nzima. Akaleta seli mbili, pacha, zilizokatwa katika kipande kimoja.

"Seli mpya ikitolewa nje, Bibi, jua lenyewe huidhoofisha."

"Jua? Si ndilo chakula chake?"

"Ndilo chakula, na ndilo linaloamsha kasoro zilizolala ndani. Hawa nimewatibu kabla hawajatoka. Nimewapa haidrojeni, nimewapa joto na mwanga mkali, ili zile kasoro zizibwe. Sasa huyu atakaa juani kiangazi chote. Na dada yake atakaa papa hapa kwenye fremu, apate joto hilihili na chumvi hiihii ya bahari, ila mwanga asiuone. Mwishoni nitawalinganisha nguvu. Wakiwa sawa, tiba yangu ni ya kweli."

"Na huyu wa gizani amekosa nini hata afungiwe?"

"Hajakosa kitu. Yeye ndiye kipimo. Bila yeye, huyu wa juani hana wa kumwambia kama amebadilika."

Alihitaji chombo chenye kifuniko kinachobana. Macho yake yakazunguka jikoni, yakapanda rafuni, yakatulia.

"Lile kopo, Bibi."

Biskuti zikahamia kwenye bakuli. Kesho yake zilikuwa zimelainika.

"Usilifungue," Tamsin akamwonya, akicheka. "Hata akikuita kwa jina."

"Akiniita nitaitika. Mimi nimelelewa."

Wakanywa chai. Na kwa kuwa Bibi alikuwa amenuna bila kusema, mjukuu akamtungia somo, kama watu wanavyomtungia hadithi mtoto aliyekataa kula.

"Mwanga ukiipiga seli, Bibi, elektroni hutoka mahali pake. Huacha pengo. Na lile pengo nalo hutembea."

"Pengo litembee? Pengo si kitu."

"Benchi la kliniki je? Wa kwanza akiingia kwa daktari, wa pili anasogea, wa tatu anasogea. Watu wanakwenda mbele, nafasi tupu inarudi nyuma. Mwishowe iko ubavuni pako."

Merle akakoroga chai yake. Nafasi ile aliijua. Alikuwa ameketi nayo benchi moja tangu Jumapili ya mafuta.

"Sasa hawa wawili, elektroni na pengo, hutamani kurudiana. Wakikutana palepale, kwa njia ya mkato, hakuna kinachowaka. Ni joto kidogo tu, linapotea. Kazi yetu ni kuwatenganisha, elektroni azunguke mbali, apite kwenye waya, awashe taa ya watu, ndipo arudi nyumbani."

"Huo ni unyama."

"Ni unyama unaowasha taa, Bibi."

Kisha, akizungusha kikombe, akalisema lililomleta. Pacha wakitoka sawa, ataondoka mwisho wa kiangazi kwenda Ujerumani. Kuna kituo cha utafiti kilichokuwa tayari kumpa maabara yake mwenyewe, watu wake mwenyewe, kwa miaka miwili. Despina ndiye aliyemwombea.

Despina tena.

*

Akawa anakuja kila Jumapili. Anapita lango la pembeni, anakwenda kwenye fremu kwanza, anaifuta vumbi seli kwa kitambaa laini, anaitazama huku na huku, anaisemesha. Ndipo anaingia ndani kumbusu bibi yake.

Kwanza fremu. Kisha Bibi.

Siku ya Krismasi alikula bata mzinga kwa Bibi, akala na kipande cha pudini, kisha akatazama mlangoni. Profesa alikuwa na wageni, alikuwa peke yake jikoni, angehitaji mtu wa kumsaidia. Merle akamfungia nyama kwenye karatasi, "Mpelekee," akasema, "masikini," na neno lile likamkwaruza kooni kama mwiba wa samaki.

Akabaki na vyombo. Akatoka kuanua nguo, akapita karibu na fremu, na mkono wake, ambao ulikuwa na kumbukumbu zake wenyewe, ukafungua kopo. Kri.

Hakuna miguu iliyokuja mbio.

Akakiona kitambaa cheusi kimejilaza chini kwa utiifu. Akaona huruma. Pacha mmoja anaota jua, anafutwa vumbi, anasemeshwa. Mwingine amefunikwa, hana kosa, yeye ndiye kipimo.

"Na wewe pia, mwenzangu," Merle akamwambia.

Ndipo zilipoanza zile asubuhi za dirishani. Kabla ya alfajiri analeta kopo jikoni, anamtoa, analirudisha tupu kwenye fremu, na jua likishawaka vizuri anamrudisha dada ndani yake. Jua kidogo tu, litamdhuru nani? Hivyo ndivyo huruma ilivyosema. Lakini Merle hakuwa mjinga, na alikuwa ameambiwa. Nyuma ya huruma, imejificha kwenye sketi yake kama mtoto mwenye haya, ilisimama gere. Nayo gere ilisema kwa sauti ndogo: na likimdhuru, basi.

*

Asubuhi ile tuliyoanza nayo, redio ilitangaza mvua ya mawe. Upepo wa kusini ulikuwa njiani, na mbingu upande wa mji ilianza kugeuka kijani, kijani cha chupa, rangi ambayo watu wa hapa wakiiona huingiza magari bandani.

Gari likasimama nje. Haikuwa Jumapili.

"Bi Merle!" Mwanamke mfupi mwenye mvi fupi na miwani mizito alikuwa tayari mlangoni. "Hatimaye nakuona kwa macho! Mimi Despina. Tumekuja kuwaokoa watoto kabla mawe hayajashuka. Nikaribishe basi, nisije nikapigwa kichwani na kile kidogo kilichomo kikamwagika."

Merle akafungua kinywa amkaribishe. Despina hakuwa akimtazama tena. Alikuwa akitazama dirishani, kando ya jeraniamu.

Tamsin akaingia kwa mlango wa nyuma, kopo mkononi, kifuniko kinaning'inia. "Bibi, kopo ni tupu, sijui ni nani..." Naye akaona.

Despina akasogea hadi dirishani.

"Tangu lini?" Despina akauliza, taratibu.

"Tangu Krismasi. Asubuhi tu. Kidogo."

"Bibi." Sauti ya Tamsin ilikuwa sauti ya mtoto wa miaka sita. "Bibi, kwa nini?"

"Nilimwonea huruma," Merle akasema. Kisha, kwa kuwa uzee humfanya mtu achoke hata kudanganya: "Na wewe nilikuonea wivu. Wewe, na huyo wako wa juani, na huyu bibi."

Tamsin hakupaza sauti. Aliweka kopo mezani kwa uangalifu, kama lilikuwa na kitu ndani, akatoka uwanjani.

"Seli zile nyingine tulizitumia zote," Despina akasema, kana kwamba anajisemea. "Hakuna pacha wengine. Nguvu ya yule wa juani ikishuka, hatutajua ameshushwa na nini. Tamsin hana tena ushahidi wa kupeleka Ujerumani."

Basi hatakwenda, moyo wa Merle ukasema.

Na furaha ikampanda, wenzangu, ikampanda kama maziwa kwenye sufuria, nyeupe, ya ghafla, haina aibu. Hatakwenda! Akaligeukia dirisha amtazame mtoto wake aliyebaki.

Tamsin alikuwa amesimama kwenye fremu chini ya mbingu ya kijani. Hakuwa akifungua skrubu. Alikuwa ameishika tu, kwa mikono miwili, na kichwa chake kimeinama. Na mikono ile, Mungu wangu, mikono ile! Imepasuka kila kifundo. Imekauka kwa glavu juu ya glavu, kwa kunawa na kunawa tena, na damu nyembamba imejichora kwenye mikunjo. Mikono ambayo hakuna aliyeigusa tangu ile Jumapili. Haikuwa imehamia kwa bibi mwingine. Ilikuwa imekosa tu.

Maziwa yakashuka sufuriani.

Jiwe la kwanza likagonga paa. La pili likavunja chungu barazani. Merle alikamata beseni la kufulia, akatoka na gauni lake na miguu mitupu, akapita katikati ya mawe yaliyokuwa yakiruka majanini kama panzi weupe, akalifunika beseni juu ya ile seli. Si juu ya kichwa chake. Si juu ya kichwa cha mtoto. Juu ya seli, akalikumbatia, mgongo umeelekea mbinguni.

Msiseme alichagua mchanga akamwacha mjukuu. Alichagua kile mjukuu alichokuwa amekishikilia.

"Bibi, wewe ni mwendawazimu!" Tamsin alipiga kelele ndani ya kishindo. "Ingia ndani!"

"Fungua skrubu zako wewe! Mimi nimeshazeeka, yatanipunguzia nini?"

Na Despina akaja, amejifunika sinia la kuokea kichwani, akaongeza sinia juu ya beseni, na vikongwe wawili wakasimama bega kwa bega chini ya mapigo, wanalia na kucheka, hadi skrubu ya mwisho ikaachia.

*

Walikaa mezani na barafu kwenye nywele. Paa lilinguruma, halafu likanong'ona, halafu likanyamaza. Despina aliipangusa miwani yake kwa pindo la kitambaa cha meza.

"Kwa hiyo unanionea wivu," akasema. "Unajua mimi nimekaa miaka mingapi na 'Bibi anasema'? Namwonyesha mchoro wa nishati, mchoro niliouchora kwa jasho, yeye ananiambia: ahaa, ni kama keki ya Bibi, ukifungua jiko mapema inalala. Nimemfundisha fizikia yote niliyo nayo, mama, na bado anafikiri kwa jiko lako. Mimi sina mtoto. Nimekesha nikikuchukia."

"Mimi nilianza kabla yako," Merle akasema.

"Uongo. Hukuwa na sababu kabla yangu."

Tamsin akaficha uso mikononi. Mabega yakamtikisika, na ilichukua muda kujua kwamba ni kicheko, au kwamba karibu ni kicheko.

Ndipo Merle akasema lile neno. Alilisema akitazama kikombe chake, bila mapambo.

"Kata pacha wengine, Profesa. Waweke hapa, si kiangazi kimoja tu, mwaka mzima. Mimi nitawalinda. Mtoto aende."

"Bibi..."

"Hukuniambia mwenyewe? Ukirudi kwa njia ya mkato hakuna taa inayowaka. Joto tu, linapotea. Nilikusikia. Nilinuna, lakini nilisikia."

Lakini gharama ilikuwapo. Despina aliandika, na kule wakajibu kwamba bila ushahidi maabara ya mwenyewe haipo. Aje, lakini aje kama msaidizi, chini ya mtu mwingine, hadi pacha wapya waseme neno lao. Tamsin akaisoma habari ile amesimama. Hakumlaumu mtu. Alikwenda chumba cha nyuma akakaa kidogo, akarudi macho mekundu, akauliza kama kuna chai. Merle aliuona ule wema, akauweka pale anapoweka vitu vyake vya thamani.

Jumapili ya mwisho hakukuwa na chumba safi cha kuingia kesho yake. Tamsin alipita lango la pembeni, akaipita fremu, akaingia ndani moja kwa moja. Akaketi, akanyoosha mikono yote miwili juu ya meza.

Bibi akayapasha mafuta viganjani. Kidole kimoja, kisha kingine.

*

Sasa ni majira ya majani makavu. Dada mpya wa gizani analala kwenye kopo la nyuzi, amefungwa kwa kamba, na fundo la kamba amelifunga Despina mwenyewe, "kwa sababu nakujua," alisema, na Merle hakukataa. Dada mpya wa juani anang'aa kwenye fremu. Mtoto yuko mbali, anazunguka kwa njia ndefu.

Pengo lipo. Linatembea naye kutoka jikoni hadi uwanjani, linakaa naye benchi moja. Merle amelizoea. Wakati mwingine hulisogezea kiti.

Na Ijumaa, kabla ya alfajiri, kifuniko cha kopo la biskuti kinalia kri. Merle anatia mkono ndani, anahesabu keki ndogo za chokoleti na nazi alizooka jana, anaona zinatosha watu wawili wenye tamaa. Jua linapanda kutoka baharini, linaingia kwa dirisha la jeraniamu. Mahali alipokuwa akisimama dada, halikuti mtu. Linapita, linakwenda hadi mezani, linakaa kwenye kiti cha pili, linakipasha joto mapema.

Jua halina upendeleo. Na moyo, ukiwekwa juani muda wa kutosha, nao unaweza kujifunza.

Despina anakuja na kipimo chake chenye waya. Anapima, anaguna, anasema ni mapema mno kusema. Anakunywa chai anayoiita maji ya kuoshea miguu. Anakula keki ya tatu. Mkono wake ukishika kikombe, Merle anaviona vifundo: vimepasuka, kimoja baada ya kingine, glavu za miaka arobaini.

"Leo unaingia chumba kile?"

"Leo siingii. Wala kesho."

"Lete mikono."

"Mama, mimi ni mtu mzima."

"Lete."

Na profesa akaleta. Mafuta ya sufu ya kondoo, yamepashwa viganjani, kidole kimoja, kisha kingine, na wimbo usio na maneno.  Miwani ya Despina ikaingia ukungu, akaiacha hivyo hivyo.

Alipoondoka, Merle alimsindikiza hadi langoni, akashika ukingo wa mlango wa gari kama mtu mwenye jambo dogo alilosahau kulisema.

"Ijumaa njoo tena," akasema. "Hata kama seli hazina neno, wewe njoo."